Shajara ya mradi: programu sita chini ya tovuti moja, na urithi wa web.config

Siku ya 1

Kazi niliyokabidhiwa inaelezeka kwa sentensi moja: programu sita za wavuti ambazo hadi sasa zimekuwa zikikaa kwenye seva mbalimbali zihamishiwe kwenye seva moja ya Windows yenye IIS 10, yaani programu ya Microsoft ya kuhudumia kurasa za wavuti, chini ya kikoa kimoja, pasipo mtumiaji kugundua kwamba kuna kilichohama. Tovuti kuu, ambayo humu nitaiita mama, imeandikwa kwa ASP.NET MVC juu ya .NET Framework 4.8 na itakaa kwenye mzizi. Chini yake zitakaa mfumo wa maombi ya likizo, ambao nao ni wa 4.8, mfumo wa ripoti, ambao ni wa Framework 3.5 na kwa hiyo huendeshwa na injini ya toleo la 2.0, hazina ya nyaraka, ambayo ni kurasa na mafaili tuli tu, na huduma mbili ndogo za ASP.NET Core, moja ya data na nyingine ya arifa. Kila programu itapangiwa mchakato wake wa w3wp.exe, ambao katika shajara hii nitauita chumba.

Asubuhi nilizijaribu moja moja kwenye seva mpya, na kila moja iliwaka bila shida. Jioni nikaziweka pamoja. Mama aliwaka, lakini watoto wanne kati ya watano waligoma, kila mmoja kwa kosa lake.

Kabla ya kugusa chochote nimeona heri niandike mlolongo wa urithi wa mipangilio ulivyo, maana nimeshaona wenzangu wakihangaika siku nzima kwa kudhani kwamba programu husoma faili lake la mipangilio, yaani web.config yake, tu. Usomaji huanzia kwenye machine.config ya injini husika, ukaendelea kwenye web.config iliyo kando yake ndani ya folda ya Config, na kila injini ina jozi yake: moja katika v2.0.50727 na nyingine katika v4.0.30319. Sehemu zinazoihusu IIS yenyewe huanzia kwenye applicationHost.config, iliyomo katika System32\inetsrv\config. Baada ya hapo huja web.config ya mzizi wa tovuti, kisha ya programu, kisha ya folda ndogo ndani ya programu. Kila ngazi huongeza juu ya iliyotangulia, na programu iliyo chini haiulizwi kama inautaka urithi huo au haiutaki. Hata deni la marehemu lina utaratibu wa kulikataa. Hili halina, mpaka mtu aandike wazi kwamba linaishia hapa.

Siku ya 2

Leo nimekusanya makosa tu, bila kurekebisha. Nimeyafungua yote kwa kivinjari kilicho ndani ya seva yenyewe, kwa sababu IIS kwa kawaida huonyesha maelezo kamili kwa anayevinjari kutoka humo humo, huku wa nje akipewa ukurasa mfupi usio na msaada.

Mfumo wa ripoti unadai kwamba hautambui sifa ya targetFramework, inayotaja toleo la .NET ambalo programu imeandikiwa. Nilipotafuta neno hilo ndani ya faili lake sikuliona popote, kwa kuwa halimo. Limo kwenye faili la mama, katika kipengele cha compilation, na injini ya 2.0 haijawahi kulisikia. Mtoto amesomeshwa barua iliyoandikwa kwa lugha aliyozaliwa kabla yake.

Mfumo wa likizo una makosa matatu yaliyolaliana. Ukitatua la kwanza ndipo la pili linapojitokeza. La kwanza ni kwamba umeshindwa kupakia DLL, yaani faili la msimbo uliokwisha kutafsiriwa, ya moduli ya kupima mwendo wa kurasa. Moduli hiyo ni ya mama, na DLL yake iko kwenye folda ya bin ya mama, lakini usajili wake ndani ya system.webServer/modules umeteremka hadi kwa mtoto, naye anaitafuta kwenye bin yake asiione. La pili ni kwamba ingizo la DefaultConnection katika connectionStrings, orodha ya njia za kufikia hifadhidata, limekwisha kuongezwa. Jina hilo hutoka kwenye violezo vya mradi na karibu kila mtu huliacha lilivyo, kwa hiyo mgongano huu ulikuwa unasubiri tu siku ambayo programu mbili zingepangwa juu na chini. La tatu linahusu Entity Framework, maktaba ya kuwasiliana na hifadhidata, nami nitalirudia siku yake ikifika.

Nyaraka zinatoa 500.19, yaani kosa la usanidi, yenye msimbo 0x800700b7, hata kwa picha ya kawaida. Sababu ni kwamba mama amesajili aina ya faili la .webmanifest katika staticContent, orodha ya aina za mafaili tuli, na nyaraka nazo zimeisajili. Ufunguo mmoja hauruhusiwi kuongezwa mara mbili katika orodha hiyo, hata kama thamani zake zinafanana herufi kwa herufi.

Jambo ninalotaka lisisahaulike ni hili: katika makosa yote ya kurudia ingizo, ukurasa wa kosa ulitaja faili la mtoto na mstari wa mtoto. Hakuna hata mmoja uliotaja faili la mama. Anayefuata ukurasa huo kama ulivyo atamrekebisha mtoto, na kwa kuwa kosa litatoweka, ataamini kwamba amefika kwenye chanzo.

Siku ya 3

Nilianza kwa njia ile ile ninayoilaumu. Kwenye faili la nyaraka niliandika remove ya .webmanifest kabla ya add. Kwenye la likizo niliandika remove ya moduli na clear mwanzoni mwa connectionStrings. Yote yalikubali. Kufikia adhuhuri faili la likizo lilikuwa na mistari kadhaa ya kukanusha vitu ambavyo mfumo huo hauna habari navyo, na nikajiuliza itakuwaje mama atakapoongezewa moduli nyingine mwezi ujao. Jibu ni kwamba watoto wote wataanguka tena, na atakayeitwa usiku hatajua mama aliguswa. Kuna ubaya mwingine pia: mtoto mwenye remove za vitu vya mama hubeba kumbukumbu ya nyumba moja popote aendako, na msomaji wa faili hilo kwenye seva nyingine hataelewa mistari hiyo ilitafuta nini.

Nimeifuta yote na kurudisha mafaili ya watoto yalivyokuwa.

Mchana nilijaribu njia ya mkato kwa mfumo wa ripoti, yaani kuuhamishia kwenye chumba cha injini ya 4.0 ili targetFramework isiwe tatizo. Ulikataa papo hapo, ukidai kwamba sehemu ya system.web.extensions/scripting/scriptResourceHandler imetangazwa mara mbili. Hilo linaeleweka: programu za 3.5 zilikuwa zikitangaza sehemu hizo zenyewe ndani ya configSections, ilhali machine.config ya toleo la 4 inazo tayari. Kuondoa tangazo hilo ni kazi ya dakika moja. Kuupima mfumo mzima wa ripoti juu ya injini mpya si kazi ya dakika moja. Nimeurudisha kwenye 2.0.

Siku ya 4

Leo nimeweka uzio upande wa mama. Tangu .NET 2.0 kipengele cha location kina sifa inayozuia urithi usivuke kwenda kwenye programu zilizo chini:

<location path="." inheritInChildApplications="false">
  <system.web> … </system.web>
  <system.webServer> … </system.webServer>
</location>

Nukta iliyo kwenye path ina maana ya mahali hapa hapa. Visual Studio huichora sifa hii mstari wa onyo kana kwamba haipo, kwa sababu skima inayotumiwa na kihariri haiitambui. Seva inaitambua na kuitii. Nimeandika maoni juu yake ili mtu asije akaifuta kwa nia njema ya kusafisha maonyo.

Awali nilikusudia kuzungushia uzio system.web, system.webServer na connectionStrings tu, na kuiacha appSettings, orodha ya funguo na thamani za programu yenyewe, nje, kwa kuwa haikuwa imetoa kosa lolote. Ninakiri kwamba hapo nilichukulia ukimya kuwa salama.

Baada ya saa moja ya majaribio, mwenzetu anayesimamia hifadhi za mafaili aliniandikia: "Kaka, hivi vyeti vya daktari vya majaribio mbona vimeingia kwenye folda ya picha za tovuti?" Nilidhani amekosea folda, kumbe hakukosea. Mfumo wa likizo husoma ufunguo uitwao FoldaYaMafaili kutoka appSettings, na usipoupata hutumia App_Data, mahali ambapo IIS haimruhusu mtu wa nje kufungua faili moja kwa moja. Kwenye seva ya zamani ufunguo huo haukuwepo, kwa hiyo App_Data ndiyo iliyotumika miaka yote. Hapa ufunguo ulipatikana, kwa sababu mama anao wa jina hilo hilo, nao unaelekeza kwenye folda ya picha ambazo ulimwengu mzima unaweza kuzifungua. Nilichukua anwani ya cheti kimoja cha majaribio, nikaibandika kwenye kivinjari bila kuingia popote, nacho kikafunguka.

Hii ndiyo tofauti ambayo sikuwa nimeipa uzito wake. Katika connectionStrings, jina likirudiwa seva hupiga kelele na programu haiwaki. Katika appSettings, ufunguo wa mtoto hufunika wa mama bila neno, na mtoto asipokuwa nao humezwa na wa mama, vilevile bila neno. Kama jina lile lingekuwa kwenye orodha yenye kelele ningelirekebisha tangu siku ya 2. Mipangilio ya barua pepe katika system.net/mailSettings ina tabia hiyo hiyo ya ukimya: programu isiyo na seva yake ya barua hutuma kwa jina la mama na kwa anwani ya mama. Jioni hii appSettings na system.net zote ziko ndani ya uzio, na vyeti vya majaribio vimefutwa.

Siku ya 5

Nimefanya kosa ambalo halina cha kujitetea. Saa sita mchana nilirekebisha nafasi chache kwenye faili la mama, jambo la unadhifu tu, huku watumiaji wa majaribio wakiendelea na kazi kwenye mfumo wa likizo. Badiliko lolote kwenye web.config huiwasha programu upya, na kwa kuwa watoto nao hulichunga faili la mzazi, nao huwashwa upya. Kwa kuwa mfumo wa likizo huweka data ya kipindi kwenye kumbukumbu ya mchakato, fomu zote zilizokuwa zimejazwa nusu zilipotea. Uzio hauondoi jambo hili. Faili la mzizi linabaki kuwa la kila mtu hata pale ambapo yaliyomo si ya kila mtu. Kuanzia leo halitaguswa nje ya saa za matengenezo.

Siku ya 8

Baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki nimepokea malalamiko mawili, na yote yamesababishwa na uzio wenyewe.

La kwanza ni jepesi kueleza. Kanuni ya kuwaelekeza watumiaji kutoka HTTP kwenda HTTPS ilikuwa imeandikwa kwa URL Rewrite, moduli ya IIS ya kubadili anwani, kwenye faili la mama, pamoja na vichwa vya usalama kama X-Content-Type-Options. Watoto walikuwa wakivirithi hivyo vyote, na hakuna aliyewahi kuvitaja kwa sababu vilifanya kazi. Uzio ulipowekwa, mfumo wa likizo ukaanza kupokea maombi ya HTTP kana kwamba ndiyo hali ya kawaida.

La pili limenichukua nusu ya siku. Mtumiaji huingia kwa mama kwa jina na nywila, kisha hubofya kiungo cha Likizo. Mfumo wa likizo humwona kama mgeni na kumrudisha kwenye ukurasa wa kuingia ulio kwa mama. Mama huona kuki yake, humtambua, na kumrudisha kwenye likizo. Na mzunguko huo huendelea mpaka kivinjari kikate tamaa na kusema kimeelekezwa mara nyingi mno. Kuki iko, jina lake ni lile lile, muda wake haujaisha. Kinachokosekana ni uwezo wa mtoto kuisimbua. Ufunguo wa usimbaji ulikuwa kwenye machineKey ya mama, nao sasa umefungiwa ndani ya uzio. Mtoto akarudi kwenye desturi ya AutoGenerate pamoja na IsolateApps, ambapo kila programu hujitengenezea ufunguo wake. Kuki iliyofungwa kwa ufunguo wa mama kwake ni herufi zisizo na maana.

Kwa hiyo si kila urithi ulikuwa mgongano. Nimekaa na faili la mama nikaligawa upya kwa swali moja kwa kila sehemu: je, hiki ni cha mama mwenyewe, au ni cha nyumba nzima? Vya nyumba nzima vimekuwa vitatu tu: machineKey, kanuni ya HTTPS na vichwa vya usalama. Hivyo nimevitoa nje ya uzio. Kundi la system.web linaweza kuonekana mara mbili katika faili moja, mara moja nje ya location na mara moja ndani yake, mradi sehemu zilizomo ndani ya kundi hilo zisirudiwe. Nikiandika machineKey pande zote mbili seva itakataa. Mambo kama kikomo cha ukubwa wa ombi, ambacho mama amekipandisha kutoka baiti 30000000 za kawaida kwa ajili ya video zake, yamebaki ndani. Hakuna sababu ya mfumo wa ripoti kukubali mizigo ya ukubwa huo.

Siku ya 9

Nimefika kwenye vitu ambavyo uzio hauwezi kuvizuia, na hapa ndipo ningependa anayekuja baada yangu asome polepole.

Cha kwanza ni configSections. Kipengele hiki lazima kiwe cha kwanza ndani ya configuration na hakiingii ndani ya location. Maana yake, sehemu yoyote ambayo mama ameitangaza itateremka kwa watoto, tupende tusipende. Mama hutumia Entity Framework 6 na ametangaza sehemu ya entityFramework kwa aina ya toleo la 6.0.0.0. Mfumo wa likizo hutumia Entity Framework 5 na umetangaza jina hilo hilo kwa aina ya 5.0.0.0. Tangazo la mtoto likifanana na la mzazi hupita. Likitofautiana, seva husema jina hilo limekwisha kufafanuliwa na linaweza kubadilishwa kwenye ngazi lilikofafanuliwa tu. Hili ndilo kosa la tatu la siku ya 2, ambalo hadi leo nililiahirisha kwa kuliondoa tangazo la mama kwa muda ili majaribio yaendelee.

Njia iliyo wazi ni kuupandisha mfumo wa likizo hadi toleo la 6, lakini kati ya 5 na 6 majina kadhaa yalihamishiwa kwenye System.Data.Entity.Core, na msimbo wa mfumo huo unayatumia kila kona. Nimechagua kumpunguzia mama badala ya kumwongezea mtoto. Toleo la 6 linaruhusu mipangilio yake kuandikwa kwenye msimbo, kwa darasa linalorithi DbConfiguration, na darasa hilo likiwa kwenye DLL ile ile yenye DbContext hugunduliwa lenyewe. Mipangilio ya mama ilikuwa mistari michache: mtoa huduma wa SQL Server na kiunda-miunganisho. Imehamia kwenye msimbo, tangazo limefutwa kwenye configSections, na mfumo wa likizo umewaka na toleo lake la 5 bila kubadilishwa hata herufi.

Cha pili ni runtime, penye maelekezo ya matoleo ya DLL. Sehemu hii husomwa na injini yenyewe inapopakia DLL, si na utaratibu ule wa kawaida wa usanidi; ukiiweka ndani ya location maelekezo hayafuatwi tena hata na mama mwenyewe. Kwa hiyo inabaki nje, na inarithiwa. Mama ameelekeza kila anayeomba Newtonsoft.Json, maktaba ya kusoma na kuandika data ya JSON, ya toleo lolote apewe 13.0.0.0. Mfumo wa likizo una ya 6.0.0.0 kwenye bin yake. Uliwaka vizuri, na kurasa zote zikafunguka, mpaka mtu alipobofya kitufe cha kupakua kalenda; hapo ndipo msimbo unaotumia JSON huitwa kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo uliposema kwamba DLL iliyopatikana si ile iliyoombwa. Kosa la namna hii halionekani wakati wa kuwasha. Hujificha nyuma ya kitufe ambacho hubofywa mara moja kwa juma. Tumepandisha DLL ya mfumo wa likizo hadi 13, tukapitia kila mahali inapotumika, na nimeongeza kitufe hicho kwenye orodha ya majaribio.

Siku ya 10

Nyaraka bado zinatoa 500.19 ile ile ya .webmanifest, ilhali staticContent ya mama iko ndani ya uzio tangu siku ya 4. Nilisoma jina la sifa tena, safari hii kwa makini: inazuia urithi kwa programu zilizo chini. Nyaraka hazikuwa programu. Aliyezihamisha, ambaye ni mimi, alinakili folda tu chini ya mzizi bila kuisajili IIS kama programu, na folda ya kawaida ni sehemu ya mama kama ulivyo mkono wake. Nimeisajili kama programu yenye chumba chake kisicho na injini ya .NET, na kosa limeondoka bila remove hata moja.

Kosa la upande wa pili wa sarafu hiyo lipo pia, na tungelipata laiti ningenakili mfumo wa likizo kwa namna ile ile: faili lenye sehemu kama authentication likiwa kwenye folda isiyo programu, seva hulikataa kwa hoja kwamba sehemu iliyosajiliwa kwa MachineToApplication imetumika chini ya ngazi ya programu.

Siku ya 11

Mfumo wa ripoti umevuka targetFramework lakini umesimama kwenye 500.19 nyingine, msimbo 0x80070021. Huu si mgongano wa ingizo, ni kufuli. Faili lake linawasha uthibitishaji wa Windows, na sehemu hiyo imefungwa kwenye applicationHost.config ili mwenye programu asijibadilishie njia ya kuthibitisha watumiaji. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuifungua kwa appcmd, zana ya amri ya IIS, yaani appcmd unlock config. Siupendi, kwa sababu amri hiyo ikitolewa bila kutaja programu hufungua sehemu kwa kila mtu aliye kwenye seva. Nimeondoa mistari hiyo kwenye faili la ripoti na kuiandika ndani ya applicationHost.config, katika location yenye njia ya programu ya ripoti pekee.

Siku ya 12

Huduma za ASP.NET Core hazikunisumbua kwa urithi wa kwenda chini, zikichapishwa, web.config yake huja na uzio ule ule tayari umeandikwa, jambo linaloonyesha kwamba waliotengeneza kiolezo hicho walishachoshwa na haya. Zilisumbua kwa sababu nilizipanga chumba kimoja kuokoa kumbukumbu. Zote mbili huendeshwa ndani ya mchakato wa IIS, na programu mbili za namna hiyo hazikai pamoja: ya pili hutoa 500.35. Kila moja sasa ina chumba chake.

Siku ya 15

Nimeandika hati fupi inayoendesha appcmd list config kwa kila programu na kuhifadhi matokeo kwenye faili la maandishi. Amri hiyo hutoa usanidi uliokwisha kuunganishwa, yaani kile ambacho programu inakiona baada ya ngazi zote kupita, na ndicho kitu ambacho ningepaswa kukitazama tangu asubuhi ya siku ya 2 badala ya kufungua mafaili matano kwa jicho. Meneja wa IIS naye huonyesha, katika orodha za moduli na za aina za mafaili, safu inayotaja kama ingizo ni la hapo hapo au la kurithi. Kwa kuangalia haraka inatosha. Matokeo yamewekwa kwenye hazina ya msimbo, na kila badiliko kwenye faili la mama litaendana na kulinganisha matokeo mapya na ya zamani kwa programu zote sita. Amri hiyo huonyesha sehemu za system.web pia, lakini maelekezo ya matoleo yaliyo kwenye runtime hayaangaliwi kwa njia hii. Hayo yanabaki kwenye majaribio ya vitufe.

Jaribio la mwisho lilikuwa kuzima vyumba vyote na kuviwasha kwa mpangilio tofauti mara nne, mara mbili kati ya hizo watoto wakiamshwa kabla ya mama. Kuingia kwa mama na kuvuka kwenda likizo kunafanya kazi. HTTP inaelekezwa HTTPS kwa wote. Cheti cha majaribio kimetua App_Data, na anwani yake nikiibandika kwenye kivinjari napewa 404.

Limebaki jambo moja wazi, nalo ni mfumo wa ripoti kuhamia injini ya 4.0, ambalo nimeliandikia tiketi yake pamoja na maelezo ya siku ya 3. Kikoa kinahamishiwa seva mpya usiku wa leo, na seva za zamani zitaachwa zikiwaka kwa siku 14 kabla ya kuzimwa.